Ile Moja ya Ziada

Kila mwaka, kabla wanafunzi wa kidato cha sita hawajafunga vitabu kwenda kwenye mtihani wa taifa, Mwalimu Mwanakheri alikuwa na kipindi kimoja ambacho hakikuwemo kwenye mtihani wala kwenye muhtasari. Aliwafundisha antimata. Miaka kumi na minne alikuwa akifundisha fizikia katika sekondari moja pale Katubuka, mjini Kigoma, na miaka yote hiyo walimu wenzake walimtania kwamba anawajaza watoto vitu visivyo na alama. Hakujali. Alipenda kuona darasa zima linanyamaza, hata wale wa nyuma wanaosinzia.

Mdogo wake, Yasmini, hakuwahi kukaa kwenye darasa hilo. Aliishia darasa la saba. Mwaka aliochaguliwa kuingia sekondari ndio mwaka baba yao alipofariki, na mama yao, muuza maandazi wa Ujiji, alikuwa na nguvu za kusomesha mtoto mmoja tu. Aliyekuwa amebakiza muda mfupi kumaliza alikuwa Mwanakheri. Yasmini akaenda mwaloni Kibirizi, kando ya ziwa mitumbwi inapotia nanga, kuanika dagaa, akabaki huko, akawa na jina lake kati ya akina mama wa pale. Habari ya shule hakuisema kwa uchungu hata siku moja. Aliisema kwa mzaha, na mzaha ule ndio uliomchoma dada yake zaidi.

Alikuwa na miaka thelathini na minane uvimbe ulipomtoka shingoni. Ilikuwa saratani ya tezi za limfu. Akatibiwa Mwanza miezi sita kwa dawa za dripu, nywele zikanyonyoka, uvimbe ukanywea, akarudi Kigoma mwezi wa kumi na mbili akiwa mwembamba lakini mcheshi kama zamani. Mwezi wa nne kikohozi kikaanza. Daktari wa Mwanza akasema kwa simu kwamba kifuani kuna kitu kimebaki, na kwa picha za kawaida hawezi kujua kama ni kovu tu au ni ugonjwa ulio hai. Kipimo cha kutenganisha mambo hayo mawili kiko Dar es Salaam.

Mwanakheri aliomba ruhusa kwa mkuu wa shule, wakapanda treni.

Siku ya pili, asubuhi, treni ilikuwa imesimama Saranda na abiria walikuwa wakinunua kuku wa kukaanga kupitia madirishani. Yasmini alikuwa ameegemea mkoba wake, kikombe cha chai mkononi.

"Dada, hicho kipimo kinafanyaje kazi?"

"Wanakuchoma sindano ya dawa, unapumzika, halafu unaingizwa kwenye mashine."

"Hilo hata manesi waliniambia. Nakuuliza wewe mwalimu. Dawa yenyewe ni nini?"

"Sukari."

"Sukari?"

"Sukari iliyofungwa pamoja na kitu kinachotoa mionzi. Saratani ina uroho wa sukari kuliko nyama nyingine za mwili. Ilipo, ndipo sukari inapojaa. Kisha kile kitu kinatoa chembe inayoitwa positroni." Akasita, akamtazama mdogo wake. "Hiyo positroni ni antimata."

"Endelea. Na usinifundishe kwa haraka ukidhani sielewi."

Mwanakheri akavuta pumzi. Alikuwa ameeleza jambo hili mara kumi na nne, lakini si kwa mtu aliyekaa goti kwa goti naye.

"Kila kitu unachokiona, kikombe hicho, behewa, mimi, wewe, ni maada. Ndani ya maada kuna chembe ndogo sana, elektroni. Sasa elektroni ina mwenzake wa kinyume. Uzito ule ule, ila chaji yake ni kinyume. Wakikutana, wote wawili wanatoweka."

"Wanakufa."

"Kufa kunaacha maiti. Hawa hawaachi hata maiti. Unabaki mwanga tu, miale miwili, mmoja unaruka huku na mwingine upande wa pili. Macho hayaioni, mashine inaidaka, inapiga hesabu imetokea wapi. Hivyo ndivyo picha inavyopatikana."

"Kwa hiyo watanitia mwilini kitu cha kuniangamiza."

"Kidogo mno. Hata ndizi inatoa positroni. Ukiiweka hapo ikae, inatoa moja kila baada ya saa moja na robo hivi."

Yasmini akacheka mpaka akakohoa. "Mkungu mzima basi ni vita." Alipotulia akauliza, "Nani aliyekiona kitu kama hicho?"

"Mwanzo hakuna aliyekiona. Kilitoka kwenye hesabu. Mtu mmoja Uingereza, karibu miaka mia iliyopita, aliandika hesabu ya elektroni, ikampa majibu mawili, moja chanya na moja hasi. Mwingine angelifuta lile la hasi. Wewe ukitafuta urefu wa shamba ukapata hasi mita saba, si unafuta? Yeye akakataa kufuta. Akasema kama hesabu inasema kipo, basi kipo. Baada ya miaka michache Mmarekani mmoja akaiona njia ya chembe ndani ya chombo chenye ukungu. Ilikuwa kama ya elektroni kwa kila kitu, ila imepinda upande ambao elektroni haipindi."

Yasmini alishusha kikombe. Dirishani mwanamke mmoja alikuwa amewainulia beseni la kuku, hakuna aliyemjibu.

"Na hivi vya kinyume, mbona hatuvioni? Viko wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo Mwanakheri alilisubiri kila mwaka darasani, na miaka mingine halikuulizwa na yeyote. Moyo wake ulichangamka. Baadaye alijilaumu kwa kule kuchangamka.

"Vimekwisha. Tunavyofahamu, maada ikizaliwa kutokana na nguvu, inazaliwa pacha, maada na kinyume chake. Kwa hiyo mwanzo wa ulimwengu vilipaswa kuwa sawa kwa sawa."

"Sawa kwa sawa, na vikikutana vinatoweka. Basi kingebaki nini?"

"Mwanga. Mwanga na utupu."

"Mbona sisi tupo?"

"Kwa sababu hesabu haikulingana. Kwa kila bilioni moja za kinyume kulikuwa na bilioni moja na moja za maada. Bilioni kwa bilioni zikamalizana. Ile moja ya ziada ndiyo iliyofanya jua, ziwa, dagaa, mimi na wewe."

"Na hiyo moja ilitoka wapi?"

"Hawajui."

"Hawajui kabisa?"

"Wameona tofauti ndogo ndogo huko kwenye maabara zao, lakini hazitoshi. Kwa wanayoyajua mpaka leo, tusingekuwepo."

Treni ilianza kujivuta, wauzaji wakawa wanakimbia kando yake wakidai hela na kutoa chenji.

"Kumbe kuwepo ndiyo hitilafu," Yasmini akasema. "Kutokuwepo ndiyo kawaida."

Mwanakheri alimtazama kwa fahari. Miaka kumi na minne, hakuna mwanafunzi aliyewahi kulisema hivyo.

Walifikia Temeke kwa binamu yao. Kipimo kilipangwa Jumatatu, lakini Jumatatu waliambiwa mtambo wa kutengenezea ile sukari umeharibika. Mwanakheri aliuliza kama hakuna ya akiba. Muuguzi akamweleza kwa upole kwamba dawa ile haiwekeki: kila saa mbili kasoro dakika kumi nusu yake imekwisha yenyewe, ikitengenezwa asubuhi jioni haipo. Wakakaa siku nane. Kila siku walipiga simu, kila siku wakaambiwa kesho. Yasmini alianza kutokwa jasho mpaka shuka inalowa, na alipopanda ngazi tatu za nyumba ya binamu alisimama kwenye ya pili.

Siku ya tisa wakaitwa. Yasmini hakuwa amekula tangu jana yake. Alichomwa sindano kwenye chumba kidogo, akaambiwa alale, asiongee, asisome, asichezee simu, maana msuli unaofanya kazi nao unakula sukari. Mwanakheri hakuruhusiwa kukaa naye. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango, mikono mapajani, akijua kwa usahihi kabisa kinachotendeka upande wa pili wa ukuta, mamilioni kwa mamilioni kila sekunde ndani ya mwili wa mdogo wake. Hakupata faraja yoyote katika kujua huko. Alitamani awe kama yule mama wa Kimasai aliyekaa pembeni yake akimsubiri mume, ambaye aliomba dua tu.

Majibu walipewa baada ya siku tatu. Daktari alikuwa kijana wa Rungwe, Dokta Jeremia, mwenye tabia ya kumtazama mgonjwa na si kioo cha kompyuta. Alimwamkia Mwanakheri shikamoo, akavuta kiti karibu na Yasmini.

"Mama, ugonjwa uko hai. Uko shingoni, kifuani, kwenye bandama, kwenye ini. Na kwenye mifupa ya mgongo na nyonga."

Yasmini aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesomewa orodha ya vitu ambavyo tayari anavyo.

"Tuna dawa nyingine, kali kuliko zile za Mwanza," daktari aliendelea. "Itabidi ukae hapa Dar miezi minne, pengine sita. Sitakudanganya. Kwa hali kama hii, katika watu kumi, wawili wanapata nafuu ya mwaka au zaidi."

"Na wanane?"

"Wanane dawa zinawatesa," Dokta Jeremia akasema, "na ugonjwa unaendelea."

"Nimekusikia, mwanangu. Asante kwa kuniambia ukweli."

Jioni ile, kwenye chumba cha Temeke, Yasmini alianza kukunja nguo zake.

"Unafanya nini?"

"Narudi nyumbani."

"Hukumsikia daktari? Wawili kati ya kumi!"

"Nimemsikia kuliko wewe. Wewe umesikia wawili."

"Yasmini, usinitanie."

"Sikutanii, dada. Tangu Saranda nalifikiria lile jambo lako. Nimekuwa nikilala najiuliza nimekosa nini, nimekula nini, nani kanifanyia. Wewe ukanijibu bila kujua. Sikukosa kitu. Vitu vyote hivi ndivyo vinavyokwenda. Ulimwengu mzima ulikuwa wa kufutika, ikabaki chembe. Sasa mimi ni nani nikaombe nibaki mara ya pili?"

Mwanakheri alimnyang'anya nguo iliyokuwa mkononi. "Nilikuwa nakupotezea muda njiani! Ile ni fizikia, haihusiani na dripu! Ile ni moja kwa bilioni, hii ni wawili kwa kumi, hata mtoto wa darasa la tatu anajua ipi kubwa!"

"Hukuwa unanipotezea muda. Nilikuona uso. Ulikuwa unaniambia unachokiamini."

"Basi sikiliza ninachokiamini sasa. Ile moja iliyobaki, kila kitu kimetokana nayo. Kila kitu! Kama ingekata tamaa..."

"Haikujitahidi, dada." Yasmini alisema taratibu, hata bila kuinua sauti. "Ilibaki tu. Ulisema mwenyewe hakuna anayejua kwa nini. Usiifanye shujaa leo kwa sababu yangu."

Mwanakheri alitafuta kwenye yote aliyosoma, chuo na baada ya chuo, hakupata. Akafanya asichowahi kufanya, akampigia magoti mdogo wake na kumshika miguu, akalia kwa sauti mpaka binamu akaja kusimama mlangoni. Yasmini alimpapasa kichwa na kumwacha alie. Kisha akasema neno moja zaidi, kwamba mama asiambiwe.

"Mwambie ni maji yamejaa kwenye mapafu. Yatakauka taratibu."

"Siwezi kumdanganya mama."

"Miaka ile mama alichagua mmoja kati yetu. Unadhani hakuumia? Usimpe tena la kuumia kabla ya wakati. Nakuomba."

Mwanakheri akakubali. Alikubali kwa sababu hakuwa amebakiwa na kitu kingine cha kumpa.

Waliporudi Kigoma ziwa lilikuwa limefungwa. Serikali ilikuwa imesimamisha uvuvi miezi mitatu ili samaki wazaliane, na mwaloni Kibirizi palikuwa kimya, vichanja vya dagaa vitupu, mitumbwi imepinduliwa. Yasmini aliomba apelekwe mara moja kupatazama. Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa kwa dakika kama kumi, akasema turudi.

Alilala kwa mama, Ujiji, chumba cha uani. Mwanakheri alitoka shuleni kila siku saa tisa, akafika, akakaa naye mpaka magharibi. Maumivu ya mgongo yaliongezeka. Vidonge vya hospitali vilisaidia wiki mbili, kisha vikawa havisaidii, na ile dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali ilipatikana kwa vipindi, ikija inaisha. Siku ambazo haikuwepo, Yasmini alikuwa akiuma ncha ya kanga.

Marcelina, mwenzake wa mwaloni, mwanamke wa Kagunga aliyeanza naye biashara, alikuja siku moja na kikapu cha mihogo. Chini ya mihogo alikuwa ameficha mgebuka mmoja, samaki wa ziwani, mbichi kabisa.

"Amahoro, Yasmini wangu," akamsalimia kwa Kiha. "Usiniulize mgebuka umetoka wapi."

Wakauchoma, harufu ikajaa uani. Yasmini aliweka kipande mdomoni, akakitafuna muda mrefu, kikashindwa kupita. Akakitoa, akakiweka kiganjani, akakitazama.

"Nimehukumiwa kwa mgebuka wa wizi na hata sikuula," akasema. Marcelina alicheka, kisha akatoka nje na hakurudi ndani.

Siku moja, walipobaki wawili tu, Mwanakheri alimuuliza kile kilichokuwa kikimla moyo. "Ningekaa kimya kule Saranda, ungekubali dawa?"

Yasmini alifikiri. Alikuwa akifikiri kweli, si kwamba hataki kujibu.

"Sijui, dada," akasema.

Mwanakheri alitaka mdogo wake aseme hapana. Ilikuwa rahisi kusema hapana, hata kama ni uongo. Lakini Yasmini hakuwa na nguvu za uongo mwingine, wote alikuwa ameutumia kwa mama.

Alifariki Alhamisi moja ya mwezi wa saba, adhuhuri, wiki tatu kabla ziwa halijafunguliwa. Alizikwa siku ile ile kabla ya alasiri kuisha. Akina mama wa Kibirizi walikuja karibu wote, na kwa kuwa hawakuwa na kazi walikaa matangani siku zote tatu.

Shuleni, Mwanakheri alirudi kufundisha. Kidato kipya cha sita kilikuwa na mwanafunzi mmoja, Evaline, aliyekuwa amesikia kwa kaka yake kuhusu kile kipindi cha mwisho. Akauliza mwalimu atakifundisha lini. Mwanakheri akamjibu kwamba hakimo kwenye muhtasari, akageukia ubaoni.

Siku ya arubaini ilipopita, mama alimwita Ujiji. Alikuwa amepanga vitu vya marehemu, nguo za kugawa upande huu, vyombo upande ule. Mkononi alishika bahasha kubwa ya hospitali.

"Humu mna CD ya picha. Ya nini?"

"Ni kile kipimo cha Dar, mama."

"Nataka kukiona."

"Mama, hakina maana sasa."

"Mwanakheri. Nataka kuiona picha ya mtoto wangu."

Alikuwa na kompyuta yake ya shule kwenye mkoba. Aliiweka kwenye mkeka, akaingiza ile CD, wakasubiri. Picha ikaja, umbo la mtu lenye giza, limesimama wima bila uso, na ndani yake vidoa vinavyong'aa. Shingoni. Kifuani, kama shanga zilizomwagika. Ubavuni. Chini kabisa mgongoni, kimoja baada ya kingine.

"Hivi vinavyowaka ni nini?"

Hakukuwa na njia ya kulikwepa swali. "Ni ugonjwa, mama."

Mama alisogeza kidole, akakipandisha polepole mpaka juu. "Na hapa kichwani pote?"

"Hapo hapana. Hapo ni mzima. Ubongo nao unakula sukari. Hapo alikuwa anafikiri tu."

Bibi kizee alikiacha kidole pale, juu ya kichwa kile kinachong'aa. Alikaa hivyo mpaka kioo kikafifia chenyewe na Mwanakheri akalazimika kukigusa kiwake tena.

"Picha hii mliipata kabla ya kurudi."

"Ndiyo, mama."

"Mkakaa nayo siku mbili kwenye treni, mkafika hapa mkaniambia ni maji."

"Alitaka hivyo yeye. Aliniomba."

"Nilikuwa nachemsha mwarobaini," mama akasema. "Kila asubuhi, ulipokuwa shuleni. Nilisikia unakausha maji ya kifua. Kikombe kizima, mchungu, namshikia kichwa anywe. Akitapika namkaripia. Namwambia wewe hutaki kupona. Namchemshia kingine. Akanywa. Wiki saba. Hakusema kitu."

"Mama, sikujua."

"Zima hicho."

Mwanakheri akafunga kompyuta. Alitaka kumshika mkono, lakini mama alikuwa ameshainuka, akachukua furushi la nguo, akatoka nalo uani.

Tangu siku ile mama huitikia shikamoo yake, humkaribisha, humpakulia chakula kama mgeni. Habari za Yasmini hazitajwi. Mwanakheri huenda kila Ijumaa, na siku hizi, kabla hajaingia kwenye nyumba alimozaliwa, husimama kizingitini na kupiga hodi.